Kumzoesha mtamba mwoga kabla hajazaa

Bandani, jina la ukorofi huangukia mapema sana kwa mtamba, yaani ng'ombe jike wa uzao wa kwanza, aliyezaa juzi. Anarusha teke, anamwaga ndoo, anabana maziwa, na kabla wiki haijaisha kila mtu ameshamchoka. Mimi nimekamua mitamba wengi wa uzao wa kwanza, na wakorofi wa kweli niliowaona ni wachache mno. Waliobaki walikuwa waoga tu. Woga una dawa, ila dawa yenyewe hutolewa kabla ya kuzaa. Ukingoja ndama atoke ndipo uanze kumzoesha mama, utakuwa unamfundisha mnyama mwenye maumivu, mwenye hasira ya uzazi na mwenye kiwele kilichojaa, tena mara mbili kwa siku, upende usipende.

Hebu tazama yanayompata mtamba asiyeandaliwa ndani ya siku moja. Uchungu ambao hajawahi kuusikia. Kiwele kimevimba hadi ngozi inang'aa. Kiumbe kilicholowa kinahangaika nyuma yake. Kisha anasukumwa kwenye sehemu ya kukamulia asiyoijua, sakafu ngumu, vyuma vinagongana, na mtu anainama chini ya tumbo lake na kumshika mahali ambapo hajawahi kushikwa na yeyote. Ng'ombe ni mnyama wa kuwindwa. Kushikwa ghafla chini ya tumbo kwake kuna maana moja tu, na teke ndilo jibu lake.

Kwa hiyo nina kanuni moja: siku ya kuzaa, kitu kipya kiwe ndama peke yake. Mengine yote mtamba awe ameshayaona, ameyanusa, ameyazoea mpaka yamemchosha.

Aliyenifanya niishike kanuni hiyo kwa nguvu ni mtamba tuliyemwita Radi. Alikuja na mimba iliyopita nusu, amelelewa malishoni na wenzake, na watu aliwaona siku za chanjo na za dawa ya kupe tu. Maana yake kila binadamu aliyewahi kumsogelea alimletea maumivu. Ukifungua mlango anakimbilia kona ya mbali, anageuka kukukabili, kichwa juu, masikio yote mawili yamekuelekea, weupe wa macho unaonekana. Na kinyesi kinageuka maji maji palepale. Hicho kinyesi nakiamini kuliko mkao wa mwili. Mtamba anaweza kusimama tuli ukadhani amekubali, kumbe tumbo linasema mengine. Siku kinyesi kinapobaki cha kawaida huku umesimama karibu naye, hapo ndipo ujue mambo yameanza kukaa sawa.

Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, zikipungua au kuzidi kidogo kulingana na aina. Ukimpata akiwa na miezi sita ya mimba, una muda wa kutosha bila kuharakisha chochote. Nilianza kwa kukaa. Nilifudikiza ndoo karibu na hori, nikaikalia, nikamwacha ale. Simtazami usoni, simwiti, simnyooshei mkono. Nilivaa nguo zilezile za kazi kila siku, kwa sababu ng'ombe hutambua watu kwa umbo, kwa harufu na kwa sauti, na kofia mpya inaweza kukurudisha mwanzo kabisa. Nilikuwa naongea pia, maneno yoyote, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Waliopita nje walidhani nina wazimu kidogo, na sikuwabishia.

Kuna jambo la macho ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimjia kwa nyuma, unapotea machoni pake, halafu unaibuka ubavuni. Lazima aruke. Mimi namjia upande wa bega, nikiwa pembeni kidogo, na nikihitaji kupita nyuma nasema naye mfululizo au nateleza mkono mgongoni mwake ili ajue niko wapi. Vilevile hapimi kina vizuri kama sisi. Kivuli cha nguzo, dimbwi dogo, mpira wa maji uliolala sakafuni, vyote vinaweza kumsimamisha. Mtu akiona mtamba amegoma njiani hukimbilia fimbo. Inama kwanza, uangalie anachokiangalia yeye.

Radi alipoanza kula bila kuacha kunitazama kila tonge, niliongeza mkono. Na hapa nina ugomvi mdogo na wapenda mifugo wengi: wanampigapiga ng'ombe begani kama wanavyompongeza rafiki. Ng'ombe hawapongezani kwa kupigapigana begani, wanalambana. Hulambana shingoni, kichwani, mabegani. Basi mkune. Mkune chini ya kidevu, pembeni mwa shingo, kwenye shina la mkia, sehemu ambazo ulimi wake hauzifikii. Akipapenda utaona ananyoosha shingo, anashusha kichwa, macho yanalegea. Ukishapata hilo umepata fedha ya kununulia mengine yote.

Kutoka shingoni mkono husafiri. Bega, mbavu, tumbo, nyonga, paja, na mwisho kiwele. Nasafiri kwa mgongo wa mkono kwanza, kwa sababu mgongo wa mkono haushiki wala haubani. Miguu ya nyuma naianza kwa brashi ya mpini mrefu, nikiwa nimesimama mahali salama, maana teke la ng'ombe lina tabia yake. Si la punda. Huanza mbele, likazunguka pembeni, ndipo likaenda nyuma. Anayesimama pembeni kwa umbali wa mkono mmoja ndiye anayevunjika. Usalama uko mahali pawili: mbali kabisa, au umemgandama kiasi kwamba mguu haupati nafasi ya kushika kasi.

Sasa lile jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Ukimgusa paja naye akainua mguu, mkono wako unataka kutoroka. Ukiutoa wakati huo, umeshamfundisha somo: inua mguu, mtu anaondoka. Kesho atainua mapema zaidi, kesho kutwa atarusha. Unachotakiwa ni kubaki na mkono palepale, mwepesi, bila kukaza, ukifuata mguu unavyokwenda, mpaka autue chini. Akiutua, hata kwa pumzi moja, ondoa mkono wewe mwenyewe na umkune shingoni. Zawadi anayoielewa zaidi ni kuachwa. Kwa hiyo kuachwa kuje wakati ametulia, kamwe kusije wakati amerusha. Kama hujiamini kubaki na mkono, tumia brashi, inavumilia mateke kuliko mfupa wako. Na uache mapema. Dakika chache zilizoisha vizuri zinashinda saa nzima iliyoishia kwa vurugu.

Kiwele chenyewe nakigusa kila siku katika wiki za mwisho: nakipangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, napitisha vidole kwenye kila chuchu, naondoka. Sikamui. Tundu la chuchu ya mtamba lina kizibo cha asili kinachozuia vijidudu kuingia. Ukikamua kabla ya wakati unakitoa kizibo na unamwaga dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ambayo ndama ataililia. Kukiwa na uvimbe wa kupita kiasi au maziwa yanayovuja mfululizo, hilo ni la kuamuliwa na daktari wa mifugo. Kugusa huku kuna faida nyingine ambayo hulipa siku moja bila kutarajia: utajua kila robo ya kiwele ilivyo kawaida yake, na ikitokea moja ina joto, ngumu, au imezidi wenzake, utagundua mapema. Mitamba hupata ugonjwa wa kiwele hata kabla hawajawahi kukamuliwa, hasa nzi wakiwa wengi.

Mahali pa kukamulia napo pazoewe. Kama wiki tatu kabla ya tarehe, namwingiza mtamba kwenye mzunguko wa ng'ombe wanaokamuliwa. Anaingia nyuma ya ng'ombe mzee mtulivu, anakuta chakula chake kwenye hori, anakula, anatoka. Hakamuliwi. Anasikia ndoo, maji, milango, na kama mnatumia mashine, anasikia inavyounguruma na kupumua. Siku za kwanza mlango wa mbele uwe wazi ili apite tu. Baadaye unafungwa kidogo, baadaye zaidi. Nikipata mitamba wawili wa umri mmoja nawaingiza pamoja, kwa kuwa ng'ombe wazee huwaonea wageni, na mtamba anayesukumwa horini hali vizuri wala halali vya kutosha. Nafasi ya hori iwe ya ziada kipindi hicho.

Chakula hicho cha nyongeza nakianza kidogo kidogo palepale pa kukamulia, ili tumbo lizoee mchanganyiko atakaoula akishazaa na miguu iijue njia. Sitaki anenepe. Mafuta huziba njia ya uzazi na kuzaa kunakuwa kugumu. Kwa kipimo cha unene cha 1 hadi 5, namtaka kwenye 3 au 3 na nusu: mbavu hazijitokezi, lakini ukizibonyeza unazipata. Chumvi naipunguza, kwa sababu viwele vya mitamba huvimba maji na chumvi nyingi huongeza uvimbe. Atembee kila siku pia, uvimbe hushuka kwa kutembea.

Siku kadhaa kabla namhamishia kwenye chumba cha kuzalia: kikavu, malalo mengi ya nyasi kavu, mahali anapowaona wenzake bila wao kumfikia. Namhamisha mapema makusudi. Kumswaga ng'ombe uchungu ukiwa umeanza kunaweza kuusimamisha, kwa sababu hofu humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na adrenalini hulegeza misuli ya mfuko wa uzazi. Mtu mwoga anayetaka kusaidia, akiingia na kutoka, akimulika tochi, anachelewesha kilekile anachokisubiri.

Dalili za kuzaa ni nyingi, ila kwa mtamba usitegemee kiwele peke yake, kinaweza kujaa wiki kadhaa mapema. Mimi naangalia shina la mkia. Kano za pande mbili hulegea mpaka panakuwa na bonde, na mkia ukiuinua unakuwa mlegevu, hauna ubishi. Uke huvimba, ute mzito unaning'inia, chuchu zinajaa hadi ncha. Ukiwa na kipimajoto, joto la mwili hushuka kama nusu digrii au zaidi katika siku ya mwisho. Halafu anaacha kula, analala, anainuka, anatazama ubavu wake, anainua mkia bila sababu. Hatua hii kwa mtamba huweza kuchukua saa nyingi. Muache. Nilikuwa na mzee mmoja wa kazini aliyekuwa akinizuia mlangoni: “Tulia, mwanangu. Mama yuko kazini.”

Kutulia si kulala usingizi, lakini. Chupa ya maji ya uzazi ikishapasuka na mtamba akaanza kusukuma kwa nguvu, naanza kuangalia saa. Kinachotakiwa kuonekana ni kwato mbili za mbele, nyayo zikitazama chini, na pua imelala juu ya miguu. Kila dakika chache pawe na hatua, hata ndogo. Ikipita saa nzima ya kusukuma bila hatua yoyote, naita daktari. Naita mara moja, bila kungoja saa, nikiona mguu mmoja tu, mkia, kichwa bila miguu, au nyayo zinazotazama juu, maana hizo mara nyingi ni za nyuma. Na kama ni lazima kuvuta, huvutwa wakati mama anasukuma, kwa kilainisho kingi na mikono misafi, siyo kukusanya watu wavute kama mashua. Mtamba aliyechanika siku hiyo atakuwa na sababu nzuri ya kukuchukia sehemu ya kukamulia.

Radi alizaa mwenyewe, ndama jike. Alipogeuka na kumwona alirudi nyuma mpaka ukutani, akavuta pumzi ya nguvu, akapiga kwato chini. Hili hutokea kwa mama wa kwanza, na haliko kwa waoga tu. Niliingia polepole, nikasafisha pua na mdomo wa ndama, nikachokonoa tundu la pua kwa unyasi hadi akapiga chafya, nikamburuta taratibu mpaka mbele ya mama yake, nikatoka. Kama mama bado anasita, paka maji ya uzazi kwenye pua yake au nyunyiza chumvi kidogo mgongoni mwa ndama. Mara tu ulimi ukigusa, kazi imekwisha. Radi alilamba kwa nguvu kiasi cha kumwangusha ndama kila alipojaribu kusimama, huku akitoa ule mngurumo wa chini ambao ng'ombe huutoa kwa ndama wake. Wapo wachache wanaompiga ndama kichwa kweli kweli. Hao weka kizuizi kati yao, waonane na kunusana, ujaribu tena baadaye. Na hata aliyekuwa mpole jana, leo usimgeuzie mgongo. Uzazi humbadilisha.

Kitovu nakichovya kwenye iodini. Dang'a inatakiwa ndani ya saa mbili za mwanzo, lita 3 hadi 4 kwa ndama wa aina kubwa, au karibu asilimia 10 ya uzito wake, kwa sababu utumbo wa ndama hupitisha kinga hiyo vizuri katika saa za mwanzo tu na hufunga njia ndani ya siku moja hivi. Sitegemei kunyonya peke yake. Chuchu za mtamba ni fupi, kiwele kimevimba, mama anahama hama, na ndama anaweza kuzunguka nusu ya siku akinyonya goti. Namkamua mama, nampa ndama kwa chupa, kisha akinyonya na yeye mwenyewe ni ziada.

Kwa hiyo ukamuaji wa kwanza huja haraka, na hapo ndipo utakapoona kama miezi iliyopita ilikuwa na maana. Mkamuaji awe yule yule aliyekuwa akimgusa. Naanza kwa maji ya kunywa ya uvuguvugu, mengi, kwani ng'ombe aliyezaa ana kiu kubwa. Chakula horini. Kucha zimekatwa, mikono imepashwa moto, mafuta kidogo ya kukamulia. Nasimama nikiwa nimegusana naye, bega langu linasukuma ubavu wake kidogo, mkono wa karibu na mguu umelala mbele ya goti lake la nyuma, ili mguu ukiinuka niusikie kabla haujaondoka.

Napangusa kila chuchu kwa kitambaa, nasugua kiwele kwa upole, nakamua michirizi miwili mitatu kwenye kikombe chenye rangi nyeusi kuangalia kama kuna mabonge. Halafu nasubiri kidogo. Mguso huo huufanya ubongo utoe oksitosini, homoni ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye kiwele na kuyashusha maziwa. Inachukua dakika moja hivi, na nguvu yake haidumu zaidi ya dakika chache. Ukianza mapema unavuta chuchu tupu, ukichelewa umepoteza wakati. Akitishwa, adrenalini huizuia oksitosini kufanya kazi yake, na maziwa yanabaki juu hata ukamue hadi vidole vife ganzi. Anayemfokea mtamba anajinyima maziwa yeye mwenyewe.

Uvimbe nao una maumivu. Bonyeza kiwele kwa kidole, ukiondoa utaona shimo limebaki kwa muda. Fikiria mtu anakukamua hapo. Kitambaa cha maji ya moto ya wastani na kusugua kuelekea juu husaidia, na uvimbe hupungua siku kwa siku. Chuchu fupi hulazimisha kutumia vidole viwili vitatu badala ya kiganja kizima. Sawa, lakini funga juu kwa kidole gumba na cha shahada kisha bana kushuka. Usivute. Kuvuta ndiko kunakoumiza, na kuna mitamba wanaorusha teke kwa ajili ya hilo peke yake. Siku za kwanza nakamulia kwenye jagi kwa mkono mmoja na kumimina kwenye ndoo iliyo mbali. Jagi likipigwa unapoteza vikombe viwili. Ndoo ikipigwa unapoteza kila kitu, pamoja na utulivu wako.

Akirusha, nafanya kama nilivyofanya na paja: nabaki, mkono mwepesi, nangoja atue mguu, naendelea, na naacha nikiwa nimemaliza mimi. Sifoki. Ikiwa anarusha kwa hatari, msaidizi ashike mkia karibu na shina na kuuinua wima, polepole, bila kuupinda. Wengi hutulia hapo hapo. Kamba ya miguu ya nyuma, iliyozungushwa umbo la nane juu ya visigino, naiweka kwa ajili ya mtamba anayetishia mifupa ya watu kweli. Siifungi kuanzia siku ya kwanza kama wengi wanavyofanya. Mtamba aliyefungwa siku ya kwanza hajifunzi kusimama, anajifunza kufungwa, na utabaki na kamba hiyo uzao baada ya uzao.

Maziwa yenye rangi ya waridi yasikutishe siku za mwanzo. Vimishipa hupasuka kwa uvimbe na kwa kawaida rangi hiyo huondoka yenyewe. Robo yenye joto, ngumu, inayotoa maji maji au mabonge ni habari nyingine, ita daktari siku hiyo hiyo. Kondo la nyuma hutoka mara nyingi ndani ya nusu siku. Likipita saa 24, ni la daktari pia. Usilivute na usilifungie kitu kizito. Homa ya maziwa, ugonjwa wa kupungukiwa kalsiamu mwilini baada ya kuzaa, huwapata zaidi ng'ombe wa uzao wa tatu na kuendelea, kwa hiyo mtamba unaweza kumkamua kikamilifu tangu mwanzo bila hofu hiyo. Baada ya kukamua nachovya chuchu dawa na kumwekea chakula asimame, kwa kuwa tundu la chuchu huchukua kama nusu saa au zaidi kufunga, na akilala mapema kwenye uchafu unajua kitakachofuata.

Radi alibana maziwa mara za mwanzo. Nilimleta ndama mahali anapomwona na kumnusa wakati wa kukamua, na yakashuka. Sindano ya oksitosini ipo na daktari anaweza kuichoma, lakini ikigeuzwa mazoea kuna ng'ombe watakaokataa kushusha bila hiyo. Ndama nilimsogeza nyuma kidogo kila baada ya siku kadhaa, hadi akabaki kwenye kizimba chake na mama hakujali. Nilipoona imetulia ndipo nikamwingiza mkamuaji wa pili, kwanza asimame tu, kisha apanguse, kisha akamue chuchu mbili. Hatua hii watu huiruka, halafu siku mkamuaji wake akiugua banda zima linapata shida.

Mtamba akianza kurusha tena baada ya kutulia, usitafute tabia, tafuta kidonda. Ufa kwenye chuchu, mpira wa mashine uliochakaa, mvuto wa mashine uliozidi, nzi, kucha ya mkamuaji, robo inayoanza kuugua. Karibu kila mara kuna kitu. Wachache ambao sijakuta kitu, na ambao majuma yanapita bado wanalenga mtu kwa makusudi, nimewatoa kundini bila majuto. Hasira nayo hurithiwa kwa kiasi fulani, na maziwa yake hayalipi mguu wa mtu.

Ndama wa Radi nilianza kumshika akiwa bado anatumia chupa: masikio, miguu, chini ya tumbo, mahali chuchu zitakapokuwa. Akaachishwa maziwa akijua hatamu na kufuata kamba. Alipopata mimba yake hapakuwa na la kufanya zaidi ya kumwonyesha njia ya kwenda kukamuliwa.